Kompaila Kubwa kwenye Mashine Ndogo

Anayejenga kompaila ya LLVM kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta mpakato ya kawaida mara nyingi hukwama mahali palepale walipokwama wenzake. Saa zimepita, maelfu ya mafaili yamekwisha kutafsiriwa, namba kwenye skrini zinakaribia mwisho, kisha kazi inakatika na ujumbe mfupi kwamba kiunganishi kimeuawa kwa ishara namba 9. Hakuna mstari wa msimbo uliotajwa kuwa na kosa. Msomaji wa ujumbe huo hudhani amepakua toleo bovu, hufuta kila kitu, huanza upya, na jioni hukutana na ujumbe uleule.

Toleo si bovu. Kiini cha Linux kiliona memori inakwisha, kikachagua programu inayokula nyingi kuliko zote, kikaiua ili mashine isigande. Programu hiyo ilikuwa kiunganishi, ile inayochukua vipande vyote vilivyotafsiriwa na kuvifanya faili moja linaloweza kuendeshwa. Lakini chanzo cha mkasa kiko nyuma zaidi, kwenye amri ya kwanza kabisa ya kusanidi, ambayo iliandikwa bila kutaja nini kijengwe na nini kiachwe. Kompaila kama LLVM huja na mipangilio ya kuanzia inayojenga karibu kila kitu kwa ajili ya karibu kila mtu. Mwenye mashine kubwa anaweza kuikubali ilivyo na asione tofauti. Mwenye GB 8 za RAM hana nafasi hiyo: lazima apunguze, na ili apunguze lazima ajue anachopunguza.

LLVM ilianza Desemba 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, kama utafiti wa Chris Lattner, aliyekuwa mwanafunzi, na profesa wake Vikram Adve. Toleo la kwanza la umma lilitoka Oktoba 2003. Mwaka 2005 Lattner alijiunga na Apple, na mwaka 2007 msimbo wa Clang, kompaila ya C, C++ na Objective-C iliyojengwa juu ya LLVM, ukawekwa wazi kwa umma. Mwaka 2012 Lattner, Adve na Evan Cheng walitunukiwa na ACM, chama cha wataalamu wa kompyuta, tuzo yake ya mifumo ya programu.

Wazo lililowapa tuzo hiyo linaeleweka kwa hesabu ndogo. Lugha kumi za programu zikitaka kuendeshwa kwenye aina kumi za prosesa, na kila lugha ikiandikiwa kompaila yake kwa kila prosesa, zitahitajika kompaila 100. LLVM iliweka lugha ya kati katikati ya pande mbili. Upande wa mbele hugeuza C++, Rust au Swift kuwa lugha hiyo ya kati. Sehemu ya katikati huiboresha kwa kuondoa kazi zisizo na faida na kupanga upya hesabu. Upande wa nyuma huigeuza kuwa amri za prosesa fulani. Kazi 100 zinakuwa sehemu 20, na kila uboreshaji wa katikati unazinufaisha lugha zote kwa pamoja.

Matunda yake yamo mifukoni mwa watu. Google iliifanya Clang kuwa kompaila ya zana zake za kuandikia Android msimbo wa C na C++, na mwaka 2018, katika toleo la r18 la zana hizo, ikaiondoa GCC, kompaila ya mradi wa GNU, kabisa. Apple nayo inaitumia kwa iPhone. Simu inayouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, iwe ya bei ya chini au ya juu, imebeba msimbo mwingi uliopita kwenye LLVM. Ndiyo maana inasikitisha kwamba watu wengi wanaoandika programu za simu hizo hawajawahi kuifungua kompaila yenyewe kuona ndani. Leseni haiwazuii: ni Apache 2.0 pamoja na kibali cha nyongeza cha LLVM, na msimbo uko wazi kwa yeyote. Kinachowazuia wengi ni ile siku ya kwanza.

Kabla ya siku hiyo, hata hivyo, kuna swali la kuulizwa bila aibu: je, kuna haja ya kujenga?

Kwa walio wengi, hapana. Mwanafunzi anayejifunza C++ kwenye Ubuntu au Debian atapata Clang kwa amri moja ya apt, na mradi wenyewe hutoa vifurushi vya matoleo mapya zaidi ya yale ya Debian na Ubuntu. Mtumiaji wa Mac hupata Clang ndani ya zana za Xcode. Hata anayetaka kuandika hatua yake mwenyewe ya kuboresha msimbo, zoezi la kawaida kwenye kozi za kompaila, anaweza kuiandika kama kiambatisho na kuijenga dhidi ya kifurushi cha llvm-dev kilichokwisha tafsiriwa. Kazi itakayokwisha kwa dakika chache isigeuzwe kuwa ya siku nzima kwa sababu tu kujenga kutoka chanzo kunasikika kuwa ndiko kufanya kazi kweli.

Mradi wa Rust unatoa ushahidi mzuri hapa. Kompaila ya Rust inategemea nakala yake maalumu ya LLVM, na kwa muda mrefu aliyetaka kuchangia Rust alilazimika kuijenga LLVM kwanza, hata kama alitaka kubadilisha ujumbe mmoja wa kosa. Wasimamizi waliona mzigo huo unavyofukuza watu. Wakaweka utaratibu ambao hati ya kujengea Rust hupakua LLVM iliyokwisha jengwa kwenye seva za mradi, isipokuwa mchangiaji anagusa LLVM yenyewe. Watu hao wanaishi ndani ya kompaila kila siku, na bado waliona ni busara kutojenga kisichohitajika.

Wanaohitaji kweli ni wachache, lakini kazi yao ni nzito. Yumo anayerekebisha kasoro ndani ya Clang, anayeongeza prosesa mpya, anayetengeneza lugha mpya inayodai toleo fulani lenye viraka vyake, na anayeandaa vifurushi vya mfumo wa Linux kwa ajili ya wengine. Yumo pia mwanafunzi anayetaka kuelewa, na huyu asidharauliwe. Kompaila iliyojengwa na ukaguzi wa ndani ukiwa umewashwa humwambia ni dhana gani aliyoivunja na katika mstari upi, wakati kompaila ya kifurushi ingeanguka kimya au kutoa matokeo mabovu.

Tuseme basi haja ipo. Kikwazo cha kwanza kinachekesha ukikisikia mara ya kwanza: ili kujenga kompaila unahitaji kompaila. LLVM imeandikwa kwa C++, na matoleo ya sasa yanadai kompaila inayoelewa C++17, yaani GCC 7.4 au Clang 5.0 kwenda juu. Juu ya hapo inahitajika CMake toleo la 3.20 au jipya zaidi, Python 3, na chombo cha kuendesha ujenzi, ambacho kwa kawaida ni Ninja. Kwenye Linux ya miaka ya karibuni vyote hivi vinapatikana kwa vifurushi. Kwenye seva ya zamani ya ofisi ambayo haijaguswa kwa miaka minane, hapo ndipo mtu hugundua kwamba anapaswa kujenga GCC mpya ili aweze kujenga LLVM.

Mduara huu ni wa zamani. Mwaka 1962, Tim Hart na Mike Levin wa MIT waliandika kompaila ya Lisp kwa Lisp, wakaiendesha ndani ya mkalimani wa Lisp aliyekuwapo, nayo ikajitafsiri yenyewe. GCC, aliyoianzisha Richard Stallman na kuitoa mwaka 1987, imeugeuza mduara huo kuwa kipimo cha afya. Ujenzi wake wa kawaida una hatua tatu. Kompaila iliyopo kwenye mashine hujenga GCC ya kwanza. Ya kwanza hujenga ya pili. Ya pili hujenga ya tatu. Kisha mafaili ya hatua ya pili na ya tatu hulinganishwa, na yanapaswa kufanana, kwa kuwa yametokana na msimbo uleule kupitia kompaila zinazotakiwa kutenda sawasawa. Yakitofautiana ujenzi husimama. Ni ukaguzi wa hali ya juu sana, na malipo yake ni muda: GCC inajengwa mara tatu. Asiyeuhitaji anaweza kuuzima wakati wa kusanidi. Clang nayo ina utaratibu wa kujijenga kwa hatua mbili, lakini haumlazimishi mtu. Ujenzi wake wa kawaida ni wa mara moja.

Baada ya zana, msimbo. Tangu Oktoba 2019 sehemu zote za LLVM, yaani Clang, kiunganishi LLD, programu ya kusakia kasoro LLDB, maktaba za C++ na nyinginezo, zinakaa kwenye hifadhi moja ya Git iliyoko GitHub. Utaratibu huo umeondoa adha ya zamani ya kupakua kila sehemu peke yake na kuhakikisha matoleo yanaoana. Umeleta adha nyingine: hifadhi hiyo imebeba historia ya zaidi ya miaka ishirini, na kuipakua yote ni gigabaiti kadhaa. Kwa anayetumia bando la simu, hiyo ni pesa inayoonekana. Njia ya kwanza ya kupunguza iko hapa, kwa kuiambia Git ichukue hali ya sasa tu bila historia, kwa chaguo la --depth 1. Njia ya pili ni kuacha Git kabisa na kupakua msimbo wa toleo rasmi uliobanwa, ambao ukubwa wake ni kati ya megabaiti 100 na 200. Anayejifunza achukue huo. Anayekusudia kutuma mabadiliko achukue Git.

Udhaifu wa mtandao una hatari nyingine, kubwa kuliko gharama. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba programu nyingi za iPhone kutoka China zilikuwa na msimbo wa kijasusi ambao waandishi wake hawakuujua. Walikuwa wamepakua Xcode, ambayo ndani yake imo Clang, kutoka kwenye seva za kushirikishana mafaili nchini mwao badala ya kwa Apple, kwa kuwa upakuaji kutoka Apple ulikuwa wa polepole mno. Nakala hiyo ilikuwa imechezewa, na kila programu iliyopita ndani yake ikatoka imeambukizwa. Mkasa huo ulipewa jina la XcodeGhost.

Afrika Mashariki ina sababu ya kuusoma kwa makini. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, mtandao wa Tanzania, Kenya na majirani ulidorora kwa siku kadhaa, na katika siku za namna hiyo nakala iliyo kwenye flashi ya rafiki huwa kivutio. Flashi si dhambi. Lakini matoleo rasmi ya LLVM hutolewa pamoja na faili la sahihi ya kidijitali, na sahihi hiyo inathibitisha nakala ya flashi vilevile inavyothibitisha nakala iliyotoka mtandaoni, mradi ufunguo wa watoaji wenyewe umepatikana kwa njia ya kuaminika.

Sasa inakuja amri ya kusanidi, na hapa inafaa kutulia kuliko mahali pengine popote.

LLVM husanidiwa kwa CMake. Utaratibu wa zamani wa autoconf uliondolewa mwaka 2016. CMake haijengi chochote. Husoma maelezo ya mradi, hukagua mashine, kisha huandika mpango ambao Ninja huutekeleza. Mpango huo lazima ukae kwenye folda yake, nje ya msimbo, na LLVM hukataa kabisa kusanidiwa ndani ya folda ya chanzo. Faida inaonekana haraka: folda moja inaweza kubeba ujenzi wa kutumia, nyingine ujenzi wa kusakia kasoro, zote zikitoka kwenye msimbo uleule, na yoyote inaweza kufutwa bila hofu.

Uamuzi wenye uzito kuliko yote ni aina ya ujenzi, unaowekwa kwa CMAKE_BUILD_TYPE. Debug huacha uboreshaji na kujaza kila faili taarifa za kusakia kasoro: majina ya vigezo, namba za mistari, aina za data. Release huboresha msimbo na kuacha taarifa hizo. Kwa miaka mingi aliyenyamaza alipewa Debug, na hicho ndicho kilichokuwa chanzo cha vilio vingi vya wageni. Maelezo ya mradi yanasema ujenzi wa LLVM peke yake huchukua gigabaiti 1 hadi 3 za diski, na ujenzi kamili wa LLVM na Clang huchukua gigabaiti 15 hadi 20, kwa sababu ya taarifa hizo na kwa sababu kila programu hubeba nakala yake ya maktaba zilezile. Matoleo ya karibuni hayamchagulii mtu tena. Asipotaja aina, usanidi husimama na kumtaka ataje. Mabadiliko hayo madogo yamewaokoa wengi kuliko ukurasa wowote wa maelekezo.

Kwa mashine ndogo jibu ni Release, na kwa anayejifunza au kurekebisha kompaila, Release yenye LLVM_ENABLE_ASSERTIONS imewashwa. Mchanganyiko huo hutoa kompaila yenye kasi inayovumilika, inayolalamika pale inapovunjiwa masharti, na isiyobeba mzigo wa taarifa za Debug. Inashangaza jinsi mchanganyiko huu usivyotajwa mapema kwenye masomo mengi ya utangulizi, wakati ndio unaomfaa mwanafunzi kuliko mwingine wowote.

Uamuzi wa pili ni prosesa lengwa. LLVM ina pande za nyuma takriban 20: x86 ya Intel na AMD, ARM, RISC-V, PowerPC, mashine kubwa za IBM, kadi za michoro za AMD na Nvidia, WebAssembly, na nyingine ambazo wengi hawatazikuta maishani. Usipotaja kitu, zote hujengwa. Mwenye kompyuta mpakato ya Intel anayetaka programu za kompyuta hiyo hiyo aandike X86 kwenye LLVM_TARGETS_TO_BUILD, na sehemu kubwa ya kazi itaondoka pale pale. Anayetaka pia kutengeneza msimbo wa simu aongeze AArch64. Hakuna kinachopotea, kwa kuwa upande wa nyuma ulioachwa leo unaweza kuongezwa mwezi ujao kwenye folda ileile.

Wa tatu ni sehemu za mradi. LLVM_ENABLE_PROJECTS hutaja zinazoongezwa, kwa mfano clang na lld. Orodha ya pili, LLVM_ENABLE_RUNTIMES, ni ya maktaba zinazosindikiza programu wakati wa kuendeshwa, kama maktaba ya C++ iitwayo libcxx. Hizi hujengwa kwa Clang mpya iliyotoka kujengwa. Wageni huchanganya orodha hizi mbili, na maelekezo ya zamani yaliyotapakaa mtandaoni huziweka maktaba kwenye orodha ya kwanza, jambo ambalo matoleo ya sasa hayalikubali. Mwanzoni clang peke yake inatosha, na lld ikiongezwa ni kwa faida itakayoonekana baadaye.

Halafu kuna kile kiunganishi kilichouawa. Ninja, iliyoandikwa na Evan Martin kwa ajili ya kivinjari cha Chrome, hupenda kuzipa kazi kori zote za prosesa kwa wakati mmoja. Wakati wa kutafsiri tabia hiyo ni nzuri, maana kila faili hula memori kwa kiasi. Wakati wa kuunganisha, kila kazi hukusanya mamia ya maktaba memorini kwa pamoja, na kazi nne zikikutana kwenye mashine ndogo hakuna kinachobaki. Maelezo rasmi ya mradi yanashauri kazi moja ya kuunganisha kwa kila gigabaiti 15 za RAM, na mfano wao ni kazi mbili kwenye mashine ya GB 32. Ushauri huo unalenga hali nzito kabisa. Release inahitaji pungufu ya hapo. Hata hivyo kwenye GB 8 uamuzi ni mmoja: LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS iwe 1. Kori nyingine zitasubiri kidogo, lakini kazi itakwisha. Mashine ikiwa na lld au kiunganishi kingine cha kisasa tayari, LLVM_USE_LINKER humwezesha mtu kukitumia badala ya kiunganishi cha zamani cha GNU, na tofauti ya muda na memori huonekana waziwazi.

Ukihesabu, basi, kinachohitajika ni machaguo matano au sita kwenye amri moja. Hakuna hata moja linalodai elimu ya kompaila. Yanadai mtu ajue mashine yake na ajue anataka nini, na ni haki kusema kwamba miradi mikubwa ya programu huria ingewatendea mema watu wa nchi zetu kwa kuweka machaguo ya mashine ndogo kwenye ukurasa wa kwanza wa maelekezo, badala ya kuyatawanya kwenye majedwali marefu.

Ujenzi wenyewe ukianza, kazi ya binadamu ni kusubiri. Kwenye seva yenye kori nyingi ni suala la dakika. Kwenye kompyuta mpakato ya zamani ni usiku mzima. Umeme ukikatika katikati, kilichokwisha hakipotei. Ninja huweka kumbukumbu ya kila amri iliyomaliza, na ikiitwa tena huanza na zile ambazo hazikumaliza. Asiyejua hili hufuta folda na kuanza upya kila baada ya mgao, akipoteza saa ambazo hakupaswa kuzipoteza. Anayekusudia kujenga mara kwa mara aongeze ccache, inayohifadhi matokeo ya tafsiri zilizopita. LLVM ina chaguo lake la kuiwasha, LLVM_CCACHE_BUILD.

Kisha majaribio. LLVM huja na makumi ya maelfu ya majaribio madogo yanayoendeshwa kwa amri ya check-llvm, na Clang ina yake ya check-clang. Wengi huyaruka kwa uchovu. Yasirukwe, kwa sababu kompaila yenye kasoro hueneza kasoro yake kwenye kila kitu kinachopita ndani yake, na mwenye programu atatafuta kosa kwenye msimbo wake kwa wiki nzima bila kuliona.

Kusakinisha ndiyo hatua fupi, na ndiyo iliyoharibu mifumo mingi. CMake isipoambiwa hupeleka kila kitu /usr/local, folda inayohitaji mamlaka ya msimamizi na ambayo mfumo huitazama kabla ya folda za vifurushi vyake. Siku inayofuata programu nyingine inaita clang ikitarajia toleo la mfumo, inapata toleo jipya, na mambo yanaanza kwenda mrama bila sababu inayoeleweka. Dawa ni kutaja CMAKE_INSTALL_PREFIX tangu mwanzo na kuelekeza kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe, yenye namba ya toleo katika jina lake. Matoleo matatu yanaweza kukaa bega kwa bega, kila moja likiitwa kwa njia yake kamili, na la kuondoka linafutwa kwa kufuta folda moja. Kwa anayejaribu tu, hata kusakinisha si lazima: programu zilizoko kwenye folda ya bin ya ujenzi zinaendeshwa pale pale zilipo.

Linabaki suala la uaminifu, ambalo watu wengi hulitaja kama sababu ya kujenga kutoka chanzo. Wanasema: nikijenga mwenyewe, najua kilichomo. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alichapisha mhadhara wake wa Tuzo ya Turing akionyesha kwamba hilo halitoshi. Kompaila inaweza kufundishwa kutia mlango wa siri kwenye programu ya kuingilia mfumo, na kufundishwa pia kujitia ujanja huo yenyewe kila inapojijenga upya. Baada ya hapo msimbo chanzo unaweza kusafishwa kabisa, na ujanja ukaendelea kuishi ndani ya faili linaloendeshwa, kizazi hadi kizazi. David A. Wheeler alionyesha baadaye njia ya kuugundua: kuijenga kompaila ileile kupitia kompaila mbili zenye asili tofauti, kuziacha nakala hizo mbili ziijenge tena kompaila hiyo, kisha kulinganisha matokeo. Kuwapo kwa GCC na Clang, mbili zenye historia tofauti na kila moja ikiweza kuijenga nyenzake, kunaufanya ukaguzi huo uwezekane kwa watu wa kawaida, na hiyo ni sababu tosha ya kufurahia kwamba ziko mbili.

Machi 2024 ukaja mfano wa karibu zaidi. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata, aliona kuingia kwenye seva kupitia SSH kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Alifuatilia mpaka akakuta mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili. Sehemu iliyouwasha mlango huo haikuwamo kwenye hifadhi ya Git ambayo kila mtu angeisoma. Iliwekwa kwenye furushi la msimbo lililotolewa kama toleo, ndani ya hati za kujengea. Aliyesoma msimbo kwenye Git hakuona kitu, na aliyejenga kutoka kwenye furushi akaupata wote. Msimbo wa LLVM wenyewe husambazwa ukiwa umebanwa kwa xz. Mradi wa GNU Guix umejibu hofu hizi kwa njia ndefu kuliko zote: mwaka 2023 ulitangaza kwamba mfumo wake unajengwa hatua kwa hatua kuanzia programu ndogo ya baiti 357, ambayo binadamu anaweza kuisoma yote, hadi kufika kwenye GCC.

Kwa hiyo anayejenga LLVM nyumbani hajapata hakikisho kamili. Amepata uwezo wa kukagua, kulinganisha na kubadilisha, na uwezo huo unakuwa na maana zaidi ukiwa wa watu wengi pamoja. Idara ya kompyuta ya chuo kikuu isiyo na fedha za kumpa kila mwanafunzi GB 32 za RAM inaweza kuwa na seva moja yenye nakala ya hifadhi ya LLVM, inayosasishwa usiku, ambayo wanafunzi wanaichukua kupitia mtandao wa ndani bila kugusa bando. Seva hiyo hiyo inaweza kujenga Clang mara moja kwa wiki na kuiweka kwenye folda inayosomwa na wote. Mwanafunzi anayetaka kubadilisha kitu hujengea hapo hapo, akisaidiwa na ccache ya pamoja, na badiliko kwenye faili moja hutafsiri faili hilo na yale yanayolitegemea tu, kisha huunganisha upya.

Na akitaka badiliko lake lifike kwenye LLVM ya dunia nzima, njia imekuwa nyepesi kuliko zamani. Kasoro hufuatiliwa kwenye GitHub, ambako zile zinazowafaa wanaoanza huwekewa alama yao, na tangu Septemba 2023 mabadiliko hutumwa hapo hapo, baada ya mradi kuacha mfumo wake wa zamani wa Phabricator. Pendekezo likishatumwa, mashine za mradi hulijenga na kuliendeshea majaribio kwenye Linux na Windows, na matokeo hurudi kwa aliyelituma. Mwenye kompyuta mpakato ya GB 8 anahitaji kujenga sehemu anayoigusa na kuendesha majaribio yanayoihusu. Ujenzi kamili, ule wa gigabaiti nyingi na prosesa zote, hufanywa na seva za wengine.